Injini ya Boti Kwenye Tangi la Kahawa

Uru hakuna ziwa. Nalisema mapema ili msomaji asije akasimama katikati ya habari hii na kujiuliza maji yenyewe yako wapi. Tuna mifereji, tuna migomba, tuna ukungu wa kutosha kuwagawia majirani, na tulipokuwa bado tunaichukulia kahawa kwa uzito tulikuwa na tangi la saruji nyuma ya nyumba, la kuchachushia na kuoshea buni. Hayo ndiyo maji makubwa niliyokulia karibu nayo. Kuogelea sijui mpaka leo. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa niliishi chini ya injini ya boti, maana ilikuwa darini, juu ya meko ya mama, na mimi ndiye niliyekuwa nikikaa pale chini nikimenya ndizi.

Mimi ni kitinda mimba. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wengine huupokea urithi huo kama mzigo. Mimi niliupokea kama cheo. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi na sanduku langu la bati, nikalisukuma chini ya kitanda kile kile nilichokiacha, na sijaona sababu ya kulitoa. Kaka zangu waliondoka kama watu wa mlimani wanavyoondoka, mmoja huku, mwingine kule, na kila Desemba walirudi na kunikuta nimesimama getini. "Bado upo?" waliniuliza, kana kwamba walikuwa wameniacha kituo cha basi. Nikishuka mjini Moshi ni kwa ajili ya chumvi na mafuta ya taa, na kabla ya saa sita mchana nimesharudi. Waliniita mlinzi wa migomba. Migomba haikuwahi kulalamika.

Faida ya kuwa na ndugu aliyebaki nyumbani ni kwamba una ghala la bure. Miaka ile kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Ruksa ya kila mtu kufanya biashara ilikuwa imetoka, na aliyekuwa karani jana leo alikuwa anauza mitumba. Biashara ikifa, maiti yake ililetwa Uru. "Nishikie hii, wiki mbili tu." Nilishika mashine ya kufuma sweta isiyo na sindano. Nilishika katoni za viberiti vilivyoloa. Nikashika na injini ya boti.

Injini ilikuwa ya kaka yangu anayenifuata kwa juu. Kiwanda alichofanyia kazi kilipouzwa na watu wakapunguzwa, kiinua mgongo chake chote alikigeuza kuwa injini, akashuka nayo Bwawa la Nyumba ya Mungu, huko tambarare kwenye joto, akashirikiana na mtu mwenye boti. Boti ya mwenzake, injini yake, samaki nusu kwa nusu. Ilikwenda vizuri mpaka samaki walipokwisha na uvuvi ukasimamishwa ili bwawa lipumzike. Mwenzake aliigeuza boti kifudifudi akalima vitunguu. Kaka alileta injini nyumbani akaenda kuhangaika: mkaa, viatu vya mitumba, udalali wa mahindi katika soko la Kwa Sadala. Kila alichokigusa kilimponyoka. Mwishowe akarudi kwa mama na yeye.

Huyu ndiye aliyekuwa msemaji wa familia yetu, mtu wa kusimamia harusi. Sasa alishinda nyuma ya nyumba, upande usioonekana kutoka njiani. Jumapili aliyakuza maumivu ya mgongo wake ili asiende kanisani, kwa sababu baada ya misa watu husalimiana, na baada ya salamu huuliza, "Siku hizi uko wapi?" Kwa mtu mwenye mvi kujibu "kwa mama" si jambo dogo. Mimi nimelijibu swali hilo hivyo maisha yangu yote bila taabu, lakini mimi nina mazoezi.

Ndipo mama mmoja anayeleta samaki soko la Moshi alipompelekea ujumbe. Uvuvi umefunguliwa. Mwenye boti ameigeuza na kuiziba nyufa, na anamkumbuka mwenzake. Ila kuna mtu mwingine mwenye injini anazungukazunguka pale, na boti haiwezi kukaa ikisubiri. Pikapu ya samaki itarudi bwawani Jumamosi asubuhi. Kaka awe ndani yake na injini inayowaka, la sivyo nafasi apewe yule mwingine.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kaka aliusikiliza ujumbe akiwa amekaa kwenye kigoda, akasimama, akaingia jikoni na kutazama juu.

"Shusha," aliniambia.

Hapa lazima nieleze kuhusu dari. Darini, juu ya moto wa kuni, ndiko tunakoweka mahindi ya mbegu, na ndizi za mbege, pombe yetu, ziivie huko. Moshi unafukuza wadudu. Kwa mama yangu, kitu cha thamani kilikuwa na mahali pamoja tu pa kukaa, iwe mbegu au mashine. Injini ilipoletwa, aliamuru ipandishwe kwa kamba, na kabla ya hapo akaipaka mafuta ya ng'ombe kila upande, kama anavyopaka kamba za ngozi zisikauke. Kisha akaifunika kwa majani makavu ya migomba na kuendelea na mapishi yake.

Tuliishusha mimi na kaka, tukatoka nayo uani tukiwa weusi kama wachoma mkaa. Mama alitufuata akiwa na mwiko mkononi.

"Kutu mnaiona?" aliuliza.

Kaka aliizunguka, akakwangua masizi kwa ukucha. Chini yake chuma kiling'aa.

"Siioni, mama."

"Basi semeni asante."

"Asante, mama."

Halafu kaka akautafuta mpira wa kupitishia mafuta kutoka kwenye tangi la petroli hadi kwenye injini. Alipata kipande cha urefu wa kidole. Uliobaki ulikuwa umeliwa na panya, kwa sababu ulikuwa na ladha. Kaka alinitazama. Mimi nikatazama migomba. Kumwambia mama kwamba kwa miaka yote hiyo alikuwa anawapikia panya haikuwezekana siku ile wala nyingine.

"Na huu mpira, mama?" kaka aliuliza kwa sauti ya kanisani.

"Huo ulikuja mbovu," mama alisema, akarudi jikoni.

Tuliifunga injini kwenye ukingo wa tangi la kahawa, pangaboi lake likining'inia ndani. Tangi lilikuwa tupu, lina majani makavu na chura mmoja. Kaka alinikabidhi kamba ya kuwashia. Yeye mgongo wake, alisema, si wa kuvuta. Nilivuta. Kamba ikabaki pale pale, nikaenda mimi, uso ukutani.

"Wewe si ulisoma haya?" kaka alisema.

Ni kweli nilisoma. Kidato cha tatu nilichora mchoro wa injini kwa penseli za rangi, pistoni, vali, kila kitu, mpaka mwalimu akaubandika ukutani. Injini ile ya karatasi haikuwahi kukwama. Hii ya kwetu pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Kaka alifungua plagi, akamimina kwenye tundu lake mafuta ya taa na oili kidogo, akaniambia tuiache inywe hadi kesho yake. Asubuhi tulikuta kamba inakuja, kwa shida kwanza, halafu kwa ulaini, na injini ikaanza kuhema ilipovutwa. Hatua ya kwanza hiyo.

Ya pili ilikuwa cheche. Kaka aliichomeka plagi kwenye waya wake, akaniambia niishike igusane na chuma ili tuone kama inatoa moto. Nikashika. Yeye akavuta kamba mara moja, taratibu, kwa ajili ya mgongo.

"Umeona kitu?"

"Hakuna."

Akafungua kifuniko cha juu, akapata platini zake, vile vidole viwili vya chuma vinavyokata na kuunga umeme, vimefunikwa ukungu wa mafuta na masizi. Akavisugua kwa ubavu wa kiberiti. Kiberiti chenyewe kilitoka kwenye zile katoni zilizoloa. Kuwaka kiligoma, lakini kusugua kilifaa. Nikashika tena plagi. Akavuta.

Sitaeleza sana. Mkono wangu uliruka ukanipiga sikio. Mama alitokeza kichwa dirishani.

"Imewaka?"

"Yeye ndiye amewaka," kaka alisema.

Sasa tulikuwa na cheche ila hatuna mpira wa mafuta. Kwenda mjini kununua kungekula nusu ya siku, na hiyo ilikuwa Alhamisi tayari. Kaka akazungusha macho uani, na macho yake yakatua ukutani, kwenye bomba la kupulizia kahawa dawa. Lilikuwa la marehemu baba. Tangu bei ya kahawa ilipoanguka hakuna aliyelishusha. Mpira wake ulikuwa mzuri, mnene, haujaliwa, maana hakuna aliyeupaka mafuta.

"Huo hapo," kaka alisema.

Tuliukata, tukaukaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Tukachanganya petroli na oili kwa kukadiria. Ilibaki maji, kwa sababu injini ya boti isipozama kwenye maji inaungua. Hupozwa na maji yale yale ambayo boti inaelea juu yake. Lazima tangi lijae. Na maji ya kujaza tangi kwetu yanatoka kwenye mfongo, ule mfereji wa asili unaoshuka toka msituni, ambao kila nyumba ina zamu yake. Zamu yetu ni Ijumaa. Alhamisi asubuhi ni ya bibi wa jirani, ambaye kihamba chake, shamba la ukoo, kinapakana na chetu kwa ua wa mimea ya masale.

"Tutajaza tangi tu," kaka alisema. "Hatajua."

Nilimwambia atajua. Mimi nakaa hapa. Najua kwamba bibi yule anaweza kuhesabu maji yake kwa masikio akiwa kitandani. Lakini kaka alikuwa tayari ameshika jembe. Alihamisha mawe mawili na udongo kidogo, na mfongo ukageuka kuingia kwetu kwa utii kabisa. Chura alipanda ukutani akaondoka.

Tangi lilipojaa nilivuta kamba. Mara kadhaa hakuna kitu. Kisha injini ikakohoa. Nikavuta tena, ikanguruma.

Sijui niielezeje kelele ile. Tulikuwa tumezoea mashine ya kukoboa ya kijijini, lakini ile ina ukuta. Hii ilikuwa nje, na tangi likaipokea sauti na kuikuza. Kuku walikwenda kusikojulikana. Moshi mweupe ulijaa kwenye migomba, na kwa sababu ya yale mafuta ya ng'ombe yaliyoanza kuchemka juu ya chuma, uani kukanukia nyama choma. Kaka alisimama, mkono mmoja juu ya injini, akicheka bila sauti, au labda alikuwa na sauti ila haikusikika.

Katikati ya moshi ule akatokea bibi wa jirani na jembe begani.

"Shikamoo, bibi!" tulipiga kelele wote wawili.

"Marahaba. Maji yangu yako wapi?"

Kaka akaonyesha tangi.

"Na hili dude ni nini?"

"Injini ya boti, bibi!"

"Boti iko wapi?"

"Nyumba ya Mungu!"

Bibi alilitazama tangi, akaitazama injini, akatutazama sisi.

"Kwa hiyo boti iko Nyumba ya Mungu," alisema, "maji ni ya kwangu, na nyinyi mmechangia kelele."

Kaka alikwenda kwenye ule ua wa mpakani, akachuma jani la isale, akarudi nalo akimpa kwa mikono miwili, yote myeusi kwa masizi. Jani hilo kwetu halikataliwi. Anayeletewa lazima apokee, na akipokea amesamehe, hata kama moyo wake bado unanung'unika.

"Yaani mmeanza na wizi, ndiyo mkakumbuka isale," bibi alisema, akalipokea. "Na linasaga mahindi hili?"

"Hapana, bibi."

"Kelele zote hizi na halisagi?"

Wakati huo huo injini ikadhoofika, ikapiga chafya mbili na kunyamaza. Ukimya ulikuwa mkubwa mno.

"Limeona haya," bibi alisema. "Nyinyi je?"

Akarudisha mawe yake mahali pake mwenyewe, akashuka na maji yake.

Nilivuta kamba mpaka bega likagoma. Haikukohoa tena. Kaka alikaa kwenye ukingo wa tangi kama alivyokuwa akikaa miezi yote ile, mgongo umepinda, akitazama mikono yake. Niliogopa kidogo. Ningependelea atukane.

Baadaye alifungua kabureta, pole pole, akalitoa bakuli lake dogo la chini na kulileta kwenye mwanga. Petroli iliyokuwamo ilikuwa na tope la bluu. Bluu ile niliijua. Ndiyo iliyokuwa ikibaki kwenye kucha za baba msimu wa kupulizia: mrututu, dawa ya kahawa. Ilikuwa imegandia ndani ya mpira wa bomba tangu baba alipolitumia mara ya mwisho, na petroli ilipopita ikaikomboa na kuipeleka moja kwa moja kwenye kitundu kinachopaswa kupitisha mafuta, ambacho ni chembamba kuliko sindano ya kushonea.

"Tumeipulizia dawa," kaka alisema.

"Angalau haitapata chulebuni," nilisema. Chulebuni ni ugonjwa wa kahawa.

Aliokota spana. Nilijua ananitupia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nikagundua anacheka, kwa sauti safari hii, mpaka mama akaja kuona kuna nini. Tulimwambia. Mama hakucheka. Alisema baba yenu alikuwa analisafisha bomba lake kila baada ya kazi, msimsingizie.

Ijumaa nilishuka mjini kununua mpira mpya. Nalitaja hili kwa sababu nilirudi baada ya saa nane mchana, na jambo hilo lilizungumzwa. Kaka alikuwa ameisafisha kabureta yote kwa petroli na kukizibua kile kitundu kwa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Maji yalikuwa yetu kwa haki. Injini iliwaka mvuto wa tatu, lakini kaka akaizima papo hapo: kwenye ubavu wake kuna kitobo ambacho lazima kitoe maji wakati inafanya kazi, kuonyesha kwamba inapoa, nacho kilikuwa kikavu. Nyigu walikuwa wamekiziba kwa udongo, kwa ufundi. Tulikichokonoa kwa njiti ya mwavuli. Nikavuta tena, na uzi mwembamba wa maji ukaruka kutoka ubavuni, ukavuka ukingo na kumwagikia miguu yangu.

"Inakojoa!" kaka alipiga kelele. "Mama, inakojoa!"

Mama alikuja, akatazama, akasema ni vizuri.

Jumamosi kabla jua halijapanda tuliibeba kwa mti begani, yeye mbele mimi nyuma, hadi barabarani. Nilikuwa nimepanga kuishia hapo; mfuko niliojifungia ulikuwa wa tahadhari tu. Lakini injini ni mzigo wa watu wawili, na huko bwawani kungekuwa na kuishusha na kuifunga, na mgongo wake ulikuwa ule ule. Kaka hakuniomba. Alipanda kwenye pikapu, akakaa kati ya matenga matupu, akanitazama. Nikapanda.

Kuteremka toka Uru ni kuvua nguo. Tulipoiacha Moshi nyuma nikavua sweta, mashamba ya miwa yakaja na kwenda nikafungua vifungo, na tulipofika kwenye vichaka vya miiba nilikuwa nimelowa jasho na vumbi limenishika. Tangi la petroli lilikuwa magotini mwangu. Kila shimo la barabara lilirusha matone kupitia skrubu ndogo ya juu ya kifuniko, ile inayoachia hewa, na matone yalimwangukia yule mama muuza samaki aliyekaa mbele yangu.

"We kijana," alisema, "unataka kunichoma na kanga yangu mpya?"

"Samahani, mama." Nikaikaza skrubu mpaka mwisho. Matone yakakoma. Nikajisikia fundi.

Mwenye boti alikuwa mtu mfupi, mchangamfu, aliyetupokea kwa mikono miwili na bila kuahidi kitu. Pembeni yake, kivulini, alikaa yule mwingine. Injini yake ilikuwa imesimamishwa kwenye kigogo, imefutwa vumbi, inangoja. Alitusalimu kwa heshima. Harufu ya nyama iliyotoka kwenye injini yetu ilimfanya anuse hewa mara mbili.

"Tuione kwanza," mwenye boti alisema. "Mzunguke mara moja, basi."

Tuliifunga nyuma ya boti. Kaka akapanda peke yake. Mimi nilibaki ukingoni, nikiisukuma boti kwa vidole na kurudi haraka. Maji yale hayakuwa na mwisho wa upande wa pili. Ilibidi avute mwenyewe. Niliona uso wake ukikunjamana kwa maumivu ya mgongo. Akavuta mara ya kwanza, ya pili, ikawaka. Boti ikaondoka ikikata maji vizuri, moshi ukifuata. Mwenye boti akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ikaenda kama urefu wa uwanja wa mpira. Kisha ikanyamaza.

Tulimwona akivuta. Akavuta tena. Akainama, akavuta.

"Injini ya mlimani," yule mwingine alisema, si kwa ubaya. "Ikiona maji mengi inashtuka."

Mwenye boti alikuwa ameanza kukitazama kile kigogo.

Nikafikiria mambo yote tuliyoyapitia: cheche, kabureta, mpira, maji. Yote tuliyaacha mazima. Kilichobadilika toka jana ni safari tu, na katika safari yote hiyo mtu aliyegusa kitu alikuwa mmoja, na alijisikia fundi. Skrubu. Tangi lisipoingiza hewa, mafuta hayatoki. Injini inanyonya mpaka inakata pumzi.

"Skrubu!" nilipiga kelele. "Legeza skrubu ya kifuniko!"

Upepo ulikuwa unatoka upande wake. Kaka alinipungia mkono, akidhani namwita arudi, akatikisa kichwa, hapana. Akavuta tena kamba, akajishika kiuno.

Nikaingia majini. Sikukata shauri, nilijikuta maji yako magotini, halafu kiunoni, baridi yake ikipanda na shati langu likielea. Nyuma yangu watu walikuwa wakipiga kelele na nikadhani wananitia moyo. Maji yaliponifika kifuani nilisimama, maana hapo ndipo ujuzi wangu unapoishia, nikaweka mikono mdomoni.

"Ski-ru-bu! Ya hewa! Nimeikaza mimi!"

Aliganda. Akainama kwenye tangi. Hata pale nilipokuwa nilisikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Akavuta kamba. Injini ikanguruma, na boti ikageuka upande wake wa kushoto ikachora duara kubwa, kisha jingine kubwa zaidi, ambalo hakuna aliyemwambia alichore.

Nilitembea kurudi nchi kavu nikiwa na furaha, na hapo ndipo nikaelewa walichokuwa wakipigia kelele. Walikuwa wanasema mamba. Ilibidi nikae chini.

"Huyu mdogo wake," mwenye boti alimuuliza yule mama wa samaki, "hana akili?"

"Ana kidato cha nne," mama alisema.

Kaka alipoileta boti, mwenye boti aliingia majini hadi magotini kumpokea, na wakaongea maneno machache nisiyoyasikia. Yule mwingine alisimama, akaibeba injini yake begani, akaaga kila mtu kwa mkono na kuondoka. Nilimwonea huruma, lakini si nyingi. Kisha kaka akaja kwangu. Alikuwa amekunja suruali, na uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa kusimamia harusi.

"Tunaingia kesho alfajiri," alisema. "Wewe panda na pikapu ikirudi, mama asikae roho juu."

"Sawa." Nikatazama chini ya mti tulikoacha vitu. Palikuwa na mfuko wangu, uliojaa: blanketi, sweta, kikombe, sabuni, na ndizi za kuchemsha za siku mbili, kwa safari ya kwenda na kurudi. Karibu yake hapakuwa na kitu. "Begi lako liko wapi, kaka?"

Alijifuta mikono kwa suruali, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Sikuja nalo," alisema. "Kama ingekataa, ningerudije nalo pale barabarani, watu wakiniona?"

Nikamwachia blanketi, kikombe, sabuni na ndizi. Sweta nilirudi nalo, huko lingemcheka. Nilifika nyumbani usingizi umenishika. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Nilimwambia imewaka, na kwamba kaka amepata nafasi, na kwamba nguo zake zinatakiwa. Aliinuka, akaenda chumba alichokuwa akilala kaka. Nilimsikia akivuta droo. Niliposimama mlangoni alikuwa amezipanga shati zote kitandani, anazikunja moja moja kwa kuzipiga kwa kiganja, na aliponiona alinisogezea zile za mikono mifupi.

"Huko kuna joto," alisema. "Hizi ndizo ziwe juu."